Bandeji Kwenye Upande Mzima

Mnaniuliza niliingiaje kwenye chumba cha plasta bila cheti. Niliingia kwa mlango. Ulikuwa wazi, na ndani mzee mmoja aliyevaa aproni ya mpira alikuwa ameinamia ndoo kama mpishi wa harusi.

Nyinyi wenye diploma mtanisamehe. Siku hizi mtu anasoma miaka mitatu ndipo aruhusiwe kulowesha bandeji, na hilo ni jambo zuri, nawapongeza, kuta za nyumba zenu zina nafasi ya kutosha kutundika vyeti. Mimi niliacha shule darasa la saba. Sitawadanganya kwamba ni umaskini, kama wanavyosema watu waliofanikiwa wakihojiwa kwenye redio. Nilichoka kukaa. Nikachimba mawe Gilgil, nikapakia ngano kwenye malori Njoro, nikakata maua Naivasha hadi harufu ya waridi ikanitia kichefuchefu, nikakata nyama Kikopey. Hakuna mahali nilipomaliza mwaka wa pili. Kazi nikishajua inavyofanyika, miguu ilianza kuniwasha.

Siku hiyo ya mlango nilikuwa nimekuja hospitalini hapa Nakuru kumwona mwenzangu aliyeangukiwa na magunia akavunjika mguu. Nikakuta ndiyo tu amefungwa plasta. Nikaigusa, nikaona ina moto. Nikamuuliza yule mzee mbona maji ya ndoo ni ya kawaida na plasta inachemka. Mzee Barasa, maana ndilo lilikuwa jina lake, alisema, "Shika ndoo." Niliishika zaidi ya miaka ishirini. Jibu la swali langu alinipa mwaka uliofuata, alipoona bado nipo: plasta ikiganda inatoa joto lake yenyewe, ndiyo maana mjinga akiilowesha kwenye maji ya moto anampika mgonjwa.

Mzee Barasa hakufundisha, alikataza. Usiitoe bandeji kwenye ndoo kabla mapovu hayajaisha. Usishike plasta mbichi kwa ncha za vidole, tumia kiganja, kwa sababu kila kidole kinaacha shimo na kila shimo litamla mtu ngozi kwa wiki sita. Usimwambie mgonjwa haitauma. Usimwambie itauma sana. Usimwambie habari za shemeji yako aliyevunjika hivyo hivyo.

Nilipokaa miezi michache nikaanza kujiona. Nikamwambia kwamba mifupa naijua kuliko yeye, kwa kuwa Kikopey nilikuwa nimepasua mbuzi wengi kuliko watu aliowahi kuwafunga.

"Vizuri," akasema. "Jumatatu niletee mtulinga wa mbuzi."

Kama hamjui mtulinga ni upi, wekeni kidole begani mfuate ule mfupa mwembamba unaokuja mbele hadi chini ya koo. Huo. Jumamosi nikaenda Kikopey, nikamkuta aliyekuwa bosi wangu akigeuza mbavu kwenye moto.

"Njuguna! Umerudi kazi?"

"Nimekuja kutafuta mtulinga."

"Hiyo ni sehemu gani? Mimi tangu nifungue hii bucha, hiyo hakuna mteja ashaitisha."

Nikapasua bega la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. Watu waliokuwa wakila walianza kunitazama kama mtu aliyepoteza pete ndani ya mbuzi. Hatimaye ushahidi wote ukaliwa na kachumbari, mimi nikiwa mmoja wa walaji, na Jumatatu nikaja mikono mitupu.

"Mbuzi hana," Mzee Barasa akasema bila kuinua macho. "Ng'ombe hana. Kondoo hana. Wewe unao."

Akaweka kidole gumba chake juu ya kidari changu, pale ule mfupa wa katikati ya kifua unapokutana na mtulinga, akabonyeza hadi nikarudi nyuma hatua moja.

"Mkono wako wote, kutoka bega hadi kucha, mfupa wake umeshikana na kiwiliwili hapa peke yake. Kwingine ni nyama tu inashikilia. Sasa sikia. Hiki kiungo kikiachia mtulinga utoke mbele, mtu atapata kinundu na maumivu. Mpe kitambaa cha kuning'iniza mkono, dawa ya maumivu, aende nyumbani angoje. Kikiachia uingie nyuma, huko kuna bomba la hewa, bomba la chakula na mishipa mikubwa ya damu. Hapo usijifanye. Kimbia uite daktari."

"Nitajuaje umeingia nyuma?"

"Mwambie mgonjwa ameze mate. Halafu mwambie aongee."

Nikakariri. Kukariri hakujawahi kunishinda, hata shuleni.

Kwa miaka mingi niliona ya mbele tu. Vijana wa raga, watu wa pikipiki, fundi mmoja aliyeanguka kutoka kwenye paa alilosema ni imara. Kulikuwa na mwanafunzi wa chuo cha Njoro ambaye kiungo chake kililegea hadi mtulinga ukawa unatoka na kurudi akitaka, ko, ko, kama mlango wa choo usio na komeo. Alikuwa akiwaonyesha wasichana. Kwa nini mapenzi yalihitaji hilo sijui. Akaja akitaka apasuliwe, apigiliwe pini, kiungo kikae. Alipokelewa na Dkt. Muthoni, daktari wetu mkubwa wa mifupa, mama mfupi mwenye sauti ya kuendesha gwaride.

"Hapo siweki pini," akamwambia. "Pini hapo hutembea. Inaweza kutembea hadi kwa moyo, na huko mimi sijaalikwa. Utafanya mazoezi ya kukaza misuli ya bega, na utaacha kuuchezesha."

"Na wasichana, daktari?"

"Wanunulie chipsi."

Alikasirika. Watu wetu hawaamini matibabu yasiyoacha mshono wa kuonyesha majirani. Lakini alivuta mpira wa mazoezi, ule utepe unaonyumbuka, miezi kadhaa, akaacha maonyesho, kiungo kikatulia. Kinundu kilibaki. Wengi wa mtulinga wa mbele wanapona hivyo, kwa kuachwa, na kazi yako kubwa ni kuzuia mikono yako mwenyewe isitafute la kufanya. Andikeni hilo kwenye daftari zenu, hata kama haliko kwenye mtihani.

Shida ya kuona ya mbele tu kwa miaka mingi ni kwamba unaanza kuamini Mungu hakuumba ya nyuma.

Basi miaka michache kabla sijastaafu, Mzee Barasa alikuwa ameshaenda kwao kulima mahindi na mimi ndiye nilikuwa mkubwa wa chumba. Mnajua mtu wa darasa la saba akiitwa "daktari" na wagonjwa kila siku anafanya nini? Anaitika.

Jumatatu moja asubuhi akaingia msichana anaitwa Nyambura, wa miaka ishirini na miwili, kutoka Kabazi, akiwa na mama yake. Nasema akiwa na mama yake, lakini kusema kweli mama ndiye aliyeingia, Nyambura alifuata nyuma kama mzigo unaosukumwa. Jumamosi walikuwa wamepeleka ng'ombe kwenye josho, ng'ombe mmoja akashtuka, akambana Nyambura ubavu kwa ubavu kati yake na nguzo. Jumapili akakandwa na cucu, bibi mmoja wa huko Kabazi, hodari wa mifupa, kwa mafuta ya ng'ombe, pengine ndugu wa yule aliyembana. Jumatatu ndio hao mbele yangu.

"Ni wapi panauma, mama?" nikauliza. Angalieni nilimuuliza nani.

"Ni hapa, daktari." Mama akafungua sweta la binti yake kama anayeonyesha bidhaa, akaweka kidole upande wa kulia, chini ya koo. "Ona vile mfupa umetoka. Cucu amekanda jana mara tatu na haurudi."

Kweli, kulia kulikuwa na kinundu. Kushoto palikuwa pamevimba kidogo, laini, hakuna cha kushtua. Nyambura akainua mkono polepole akagusa upande huo wa kushoto, akasema kitu kwa sauti ya chini sana.

"Nyamaza, wewe umeumia," mama akamwambia. "Wacha nielezee daktari."

"Anasema aje?" nikauliza.

"Anasema anaumwa. Kwani hapa kuna mtu hajaumwa?"

Nikacheka. Ulikuwa mzaha mzuri, na foleni yote ya mlangoni ilicheka nami.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, Dkt. Kiprono, mwenye miezi miwili kazini na koti ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Akatazama eksirei ya kifua, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama tena. Haikumwambia kitu. Pale juu ya kifua mbavu na uti wa mgongo na kidari vyote vinapandana, na kutafuta kiungo hicho kwenye picha ya kawaida ni kama kumtafuta shangazi yako kwenye picha ya mkutano wa injili.

Akaninong'oneza ili mama asisikie. "Mzee, unaonaje?"

"Kulia," nikasema. "Umetoka mbele. Nimeona mingi."

Akaandika kulia.

Kwa ile ya mbele ningempa kitambaa tu aende. Lakini mama alikuwa akitazama, foleni ilikuwa ikitazama, nami nikataka kazi ionekane. Nikaweka pedi ya pamba juu ya kile kinundu, nikakibonyeza kwa kiganja, nikapitisha utepe mpana wa kunata ukishikilie. Halafu nikamfunga bandeji ya nane, ile inayopita mbele ya mabega yote mawili na kuvukana mgongoni kama namba yenyewe. Makwapani nikaweka pamba ya kutosha. Ilikuwa kazi safi, ningeipiga picha. Nyambura akatokwa na machozi, nikamwambia, dada, kaza moyo, mfupa unarudi mahali pake. Mfupa wenyewe haukuwa umeenda popote.

Saa nne ni saa ya chai, na hiyo ni sheria ambayo hospitali nzima inaitii kuliko kiapo chochote. Nikatoka hadi kibanda kilicho nje ya lango. Nikamkuta Nyambura ameketi peke yake kwenye benchi na kikombe cha chai na andazi. Mama alikuwa kwenye foleni ya dawa. Wakishazipata wangeelekea stendi, wapande gari la Kabazi, na habari yao iishie hapo.

Ningepita. Lakini mimi ni mtu wa kutazama watu, nimefukuzwa kazi mbili kwa ajili hiyo. Nikamwona amechovya andazi hadi likawa uji, akaweka kipande kidogo mdomoni, akanyoosha shingo juu kama kuku anayekunywa maji, akafumba macho, akameza. Akakohoa. Akaweka kikombe chini, akapumzika kama aliyepanda mlima.

"Mandazi ya huyu mathe ni ngumu, ama?" nikamuuliza, nikielekeza kidevu kwa mama wa kibanda.

Akatikisa kichwa. "Haipiti."

Sauti yake ilikwaruza kama redio iliyokosa stesheni.

"Una homa? Sauti yako huwa hivyo?"

"Mimi huwa naimba," akasema. "Kanisani. Ilipotea Jumamosi, hapo hapo kwa ng'ombe. Na nikilala chali ni kama mtu ananikaba."

"Na mbona hukusema?"

Akanitazama vile ambavyo nyinyi pia mtatazamwa siku moja, mkiwa na bahati.

"Nilisema," akasema. "Mkacheka."

Vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa vimevimba, rangi yake si nzuri. Nikamwomba ruhusa, nikaweka kidole kwenye kile kinundu cha kulia, pembeni mwa pedi yangu maridadi. Kisha nikagusa kwangu mwenyewe, mahali hapo hapo. Kinundu. Kulia kwangu kinundu, kushoto kwangu kinundu. Kila mtu anavyo viwili, jiguseni hapo mlipo. Halafu nikagusa kushoto kwake, taratibu sana. Chini ya ule uvimbe laini hapakuwa na kinundu. Palikuwa na shimo.

Upande wa kulia haukuwa umetoka hata kidogo. Wa kushoto ndio ulikuwa umezama ndani, na ule mzima ukaonekana umechomoza kwa sababu mwenzake hayupo. Bibi wa Kabazi na mafuta yake, na mimi na miaka yangu ishirini na koti jeupe, tulifika kwenye kosa lile lile. Yeye angalau hakumfunga bandeji.

"Usisimame," nikamwambia. "Usilale. Keti hivyo hivyo, na hiyo mandazi wacha. Mfupa umeingia ndani unasukuma koo lako. Ni lazima utolewe leo."

"Nani atautoa? Ni wewe?"

"Hapana. Ni watu wanaojua."

"Hapo sawa," akasema, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu Jumamosi alitaka kutabasamu.

Nikamwachia mama wa kibanda amtazame, nikatuma kiti cha magurudumu, nikaenda kumtafuta Dkt. Kiprono. Alikuwa na chai yake mkononi.

"Daktari, yule msichana wa Kabazi ni kushoto. Mtulinga umeingia nyuma."

"Mzee, asubuhi ulisema kulia."

"Nilikosea."

"Ulisema umeona mingi."

"Ya mbele. Hii ya nyuma ni yangu ya kwanza, na nimeionea kwa kibanda cha chai."

"Lakini eksirei iko sawa."

"Eksirei haimezi. Nenda umwambie ameze mate ukiwa unamtazama."

Nampa sifa yake: alisimama. Nimefanya kazi na wengine ambao wangemaliza chai kwanza. Alirudi baada ya dakika chache akiwa amebadilika rangi, akitafuta karatasi ya kuandikia fomu kwenye mifuko yote, ukiwemo ule uliokuwa nayo.

Mimi nikatangulia kwa Bi Zuhura. Huyu ndiye aliyekuwa mpiga eksirei wetu, wa familia ya mtaa wa Bondeni ambayo mababu zake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kinatufanya sisi wengine tujione wageni waliokuja kuazima.

"Bi Zuhura, nataka picha nyingine ya kifua."

"Fomu iko wapi?"

"Inakuja."

"Fomu haina miguu, Njuguna."

"Daktari anaileta. Tafadhali inamisha mashine, upige kutoka chini kuelekea kichwani, tuone mitulinga yote miwili kwa pamoja."

"Na hayo nani kakufundisha?"

"Si ni wewe? Ule mwaka nilikuwa nakuja hapa kukusumbua na maswali."

"Kumbe ulikuwa ukisikiliza," akasema, akianza kuvuta mashine. "Mimi miaka yote nadhani ulikuwa wakwepa kazi."

Akampiga akiwa ameegemea, kwa kuwa kulala chali hakuweza. Picha ikatoka: mtulinga wa kulia juu, wa kushoto chini, kama mizani iliyowekwa mzigo upande mmoja. Ile mashine kubwa ya skani, ambayo kwa neema siku hiyo ilikuwa inafanya kazi, ikamaliza ubishi. Ncha ya mtulinga ilikuwa nyuma ya kidari, imeegemea bomba la hewa.

Ndipo mama akarudi na dawa zake, akatukuta koridoni mimi nikibandua ile pedi.

"Unafungua nini? Si umefunga saa hii?"

Mnaweza kusoma miaka mitatu na msifundishwe sentensi niliyohitaji hapo. Ni fupi. "Mama, nilikosea. Nilifunga upande mzuri. Ule mbaya ni huu mwingine, na ni mbaya sana."

Akanitazama kuanzia viatu hadi mvi.

"Na wewe ndiye mkubwa hapa?"

"Ndiyo."

"Sasa wale wadogo wako aje?"

Nikamaliza kubandua ule utepe.

Dkt. Muthoni akatazama skani mara moja tu. Akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe, akampigia simu daktari wa upasuaji wa kifua aliyekuwa hospitali nyingine mjini. Akaja kumtazama Nyambura, akamwambia yeye mwenyewe, si mama, nini kitafanyika. Halafu akasema hakuna kumgusa mpaka yule mwenzake afike.

"Si tunaweza kuuvuta saa hii?" Dkt. Kiprono akauliza. "Anapumua vibaya."

"Mfupa huo labda umetoboa mshipa na ni wenyewe umeziba tundu," Dkt. Muthoni akasema. "Ukiuvuta umetoa kizibo. Halafu utaziba na nini? Koti lako?"

Tukangoja. Nilikaa na Nyambura, nimemwinua mgongo kwa mito, nikimhesabia pumzi bila kumwambia. Kila baada ya muda alikuwa akivuta hewa kwa kelele ndogo, kama mtu anayenyonya maziwa kwa mrija ulioziba. Mama alikuwa amesimama na Biblia ambayo hakuifungua.

"Ataimba tena?" akaniuliza.

"Wacha kwanza apumue, mama."

Daktari wa kifua alifika saa nane. Nyambura akaingizwa, akalazwa usingizi. Wakaweka shuka lililokunjwa nene katikati ya mabega yake, mgongoni, ili mabega yaanguke nyuma. Dkt. Muthoni akaniita mimi nivute mkono. Labda ni kwa sababu nilikuwa na nguvu za machimbo ya mawe. Labda alitaka nione kwa karibu.

"Nje kwanza," akasema. "Bado nje. Sasa shusha, nyuma, polepole. Usirushe, huu si mlango wa lori."

Nikavuta. Hakuna. Tukapumzika, nikavuta tena, jasho likinitiririka ndani ya barakoa. Hakuna. Yeye akasafisha ngozi upya, akachukua koleo la upasuaji lenye ncha kali, akaushika mtulinga wenyewe kupitia kwenye ngozi.

"Vuta, mzee."

Nikavuta, naye akaunyanyua. Ko.

Kila mtu aliisikia. Daktari wa kifua, aliyekuwa amesimama kando na mikono yenye glavu, tayari, hakusogea. Tukangoja damu. Mashine ikalia ilivyokuwa inalia. Nikatazama vidole vya kushoto. Nikaendelea kuvitazama hadi vikaanza kuwa vya mtu. Daktari wa usingizi akasema hewa inaingia vizuri sasa, akasema kama anayetangaza hali ya anga.

"Funga nane," Dkt. Muthoni akaniambia. "Na safari hii uniulize upande."

Bandeji ya nane haina upande, inashika mabega yote mawili, na yeye anajua. Alitaka tu niisikie.

Kesho yake Nyambura alikunywa uji kikombe kizima bila kunyoosha shingo. Wiki sita alikaa na bandeji, bila kubeba ndoo ya maziwa, jambo ambalo ng'ombe walilipokea vyema kuliko familia. Nilipomfungua kiungo kilikuwa kikilia kidogo akiinua mkono, na mama akataka kipigiliwe kitu. Dkt. Muthoni akakataa tena, kwa sababu zile zile alizompa kijana wa Njoro. Mazoezi, mpira wa kuvuta, miezi, asibebe mzigo mzito mapema, na akihisi kukabwa au mkono kuvimba asipitie kwa cucu, aje moja kwa moja. Sauti ilirudi polepole, ya chini ikitangulia. Mimi si mtu wa kwaya na Kabazi sikuenda. Mama ndiye aliyenipigia simu kusema anaimba, na safari hii alimpa Nyambura simu aseme mwenyewe.

Kwa hiyo nyinyi mnaoanza, mama mpeni kiti, muwe na adabu kwake, halafu mgeukieni mgonjwa mmuulize yeye. Na guseni pande zote mbili, hata kama mmoja umejitokeza kuwasalimia.

Nimeruka jambo moja la ile siku. Tulipotoka kwenye upasuaji, Dkt. Muthoni aliniwekea faili la Nyambura magotini.

"Andika."

"Daktari, mimi siandikangi kwa faili. Mimi ni wa plasta."

"Asubuhi ulikuwa daktari. Andika ulichofanya."

Nikaandika kwa Kiswahili, herufi kubwa kubwa, kwa kuwa Kiingereza changu hakikufika mbali. Asubuhi nilifunga upande wa kulia. Ulikuwa mzima. Ulioumia ni wa kushoto. Mgonjwa alituambia, mimi nikacheka. Nikaweka jina langu. Zaidi ya miaka ishirini katika hospitali ile, na hilo ndilo faili la kwanza lenye jina langu.

Nikampa Dkt. Kiprono alipeleke wodini. Hakuna aliyejua kwamba asubuhi alikuwa ameninong'oneza, isipokuwa mimi na yeye, na mimi sikuwa nimeandika hilo. Angeweza kulifunga faili aende zake. Akalisoma akiwa amesimama koridoni, akalisoma tena, kisha akaliegemeza ukutani na kutoa kalamu. Akaandika chini ya jina langu, kwa Kiswahili pia: Nami nilimuuliza mtu wa plasta, sikumuuliza Nyambura. Akatia sahihi, akanirudishia nione.

Nimeona mwandiko wa madaktari wengi maishani. Huo ndio wa kwanza nilioweza kuusoma wote.